Je, ni kweli hela ya ziwani haikai?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa miaka 24, nimemaliza kidato cha nne, nafanya kazi ya kupima na kupakia dagaa soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Giza likiwa zuri napata 25,000 hadi 30,000 kwa siku, siku nyingine inafika 45,000. Mwezi ukiwa mkubwa naambulia 5,000 au 6,000, au patupu kabisa. Huu ni mwaka wa tatu na sina hata godoro la maana. Chumba nalipa 50,000 kwa mwezi, na mama yuko Ukerewe ananitegemea. Kila siku naweka mkeka wa kubeti wa buku tatu. Simu nimechukua ya mkopo: nilitanguliza 60,000, nalipa 1,500 kila siku kwa mwaka mzima, na nimeshalipa miezi saba. Taslimu ilikuwa inauzwa 350,000. Kwenye laini ya simu nadaiwa mkopo wa 40,000. Kuna mtu alinikopesha 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Nimelipa riba miezi minne, deni liko palepale, na kitambulisho changu anacho yeye. Nikikataa kutoa hela kijiweni naitwa bahili. Mchumba wangu anauliza mahari lini. Wazee wanasema hela ya ziwani haikai, ina laana yake. Ni kweli? Niache kazi hii nitafute ya mshahara?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeziweka namba zako mezani bila kuficha hata moja, na hilo limenisaidia sana, maana jibu limo humohumo ndani yake. Naona una wasiwasi wa aina mbili: kwamba huenda ziwa lina mkosi, na kwamba huenda wewe mwenyewe ni mtu wa hovyo. Nianze na ziwa.

Hakuna laana. Wazee waliona sawasawa kwamba vijana wengi wa mialoni, kuanzia Kirumba na Igombe hadi visiwani huko kwenu Ukerewe, hushika hela nyingi na miaka inapita bila kitu cha kuonyesha. Walichokosea ni sababu. Na kosa hilo lina gharama, kwa sababu kijana akishaamini kwamba hela yake imelaaniwa, anaona heri aitumie usiku huohuo kabla haijamtoka yenyewe.

Sababu kubwa ni mwezi. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Taa inafanya kazi kwa sababu ziwa ni giza: dagaa hufuata mwanga, hukusanyika chini yake, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa majini kote, dagaa hawaijali taa, na mitumbwi inavutwa mchangani. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu. Ninyi wa Kirumba mnaupokea kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa dagaa lazima waanikwe kwanza, siku moja au mbili jua likiwa zuri, kisha wasafirishwe kutoka visiwani ndipo gunia lifike begani kwako. Ndiyo maana ukata wako hauanzi siku ya mwezi mpevu. Unaanza siku chache baadaye, na unaendelea hata wavuvi wakisharudi majini. Masika inaongeza jingine: kati ya Machi na Mei mvua inawalowesha dagaa wakiwa wameanikwa, wengine wanaoza, wengine wanashuka daraja na kuishia kwenye chakula cha kuku, na mzigo wa kupakia unapungua.

Sasa tuzipange namba zako. Chukua siku 18 za giza kwa wastani wa 32,000: hiyo ni 576,000. Ongeza siku 8 za mwezi mkubwa kwa 6,000: hiyo ni 48,000. Siku zinazobaki tuziache patupu, za kupumzika au kuumwa. Jumla ni 624,000 kwa mzunguko mmoja wa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, kile kilichoanza Julai 2025, ni 500,000, tena kabla ya makato. Wewe unakipita. Kwa hiyo tatizo lako halikuanzia kwenye udogo wa kipato, na ile hesabu ya "nikianza kupata zaidi ndipo nitaweka akiba" haitakusaidia. Siku za 45,000 unazo tayari, na ndizo siku ambazo hela nyingi zaidi inapotea.

Mwenye mshahara ana mambo mawili ambayo wewe huna, na hayahusiani na akili wala nidhamu. La kwanza, hela yake inakatwa kabla hajaiona: aliyeajiriwa kwenye kampuni, sheria inataka yeye na mwajiri wake wapeleke NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 20 ya mshahara, apende asipende. La pili, anapokea mara moja kwa mwezi, kwa hiyo anaamua mara moja. Wewe unapokea mara 26. Kila jioni unatoka mwaloni na noti mfukoni, umechoka, una njaa, na unatakiwa uamue upya hii niile au niiweke. Hakuna binadamu anayeshinda pambano hilo mara 26 mfululizo. Tena ukishakaa wiki mbili na nusu ukipata 30,000 kila siku, mwili na akili vinazoea kwamba wewe ni mtu wa 30,000 kwa siku. Supu ya asubuhi, nyama ya jioni, bodaboda hata kwa safari ya kutembea dakika kumi, vyote vinapimwa kwa siku nzuri. Mwezi unapokuwa mkubwa kipato kinashuka usiku mmoja, lakini mazoea hayashuki, na pengo hilo ndilo unalolikopea.

Kuna la tatu, nalo ndilo linalogusa hulka na thamani za vijana kuliko mengine yote. Hela yako inaonekana. Karani wa benki akipokea mshahara, jirani yake hajui. Wewe, kijiwe kizima kimeona umepakia magunia mangapi, na saa kumi na moja jioni kila mtu anajua mfukoni mwako mna kiasi gani. Mahali pa namna hiyo, mwanaume hupimwa kwa anachotoa. Nisikilize vizuri hapa, maana wengi wanaowashauri vijana huliita jambo hili ujinga, na si ujinga. Unayemnunulia chakula leo ndiye utakayemwomba 5,000 mwezi ukiwa mkubwa. Hiyo ni bima, na kwa mtu asiye na mkataba wala bima ya afya ni bima ya maana.

Kasoro yake iko kwingine. Bima hufanya kazi pale ambapo mmoja anapoumia wengine wana nafuu. Kijiwe chenu chote kinakula dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa kwako, ni mkubwa kwao pia, na mvua ikilowesha mzigo, imewalowesha wote. Siku unayomhitaji uliyemlisha, naye hana. Ndipo mnapoelekea wote kwenye laini ya simu na kwa yule mtu wa asilimia 30. Dawa yake si kuwa mchoyo. Weka sehemu ya ukarimu wako kwa watu ambao riziki yao haifuati mwezi: fundi cherehani, mama lishe wa mtaani kwenu, mwalimu, kinyozi. Nitalirudia nikifika kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa.

Angalia pia wazee wa Kisukuma walivyotunza mali. Walikuwa na ng'ombe, na ng'ombe ana sifa moja ambayo noti haina: hatoki mfukoni usiku. Kumgeuza awe hela kulihitaji kusubiri siku ya mnada, kumswaga hadi mnadani, na mara nyingi kuulizwa na ndugu kwa nini unauza. Hatua hizo zote zilimpa mtu siku kadhaa za kufikiri. Simu imezifuta. Leo hela inatoka kwako kwa kubonyeza namba nne za siri ukiwa umelala. Sikuambii ununue ng'ombe ukiishi chumba cha kupanga Kirumba. Nakuambia hela yako inahitaji kurudishiwa ugumu kidogo wa kutoka.

Mkeka nao nikuwekee hesabu yake, kwa sababu hapo vijana wengi wanaamini kwamba kujua mpira ni kujua kubeti. Chukua mkeka wa mechi 8, kila mechi odi 1.80. Zidisha 1.80 mara nane: buku moja inarudi 110,200. Inavutia. Lakini odi ya 1.80 ingekuwa ya haki kama timu ingeshinda mara 55 au 56 katika 100, na kampuni haitoi odi ya haki, inajikatia chake. Tuseme ukweli ni mara 52 katika 100. Uwezekano wa zote nane kutiki unakuwa takriban mkeka mmoja katika 187. Maana yake utatoa 187,000 ili urudishiwe 110,200, na hapo hatujagusa kodi ya ushindi. Kadiri unavyoongeza mechi, ndivyo kile kipande cha kampuni kinavyojizidisha chenyewe kwa chenyewe. Ule mkeka uliochanika kwa timu moja haumaanishi kwamba ulikaribia. Kwa hesabu hiyohiyo, mkeka wa mechi nane kuchanika kwa timu moja tu hutokea mara nyingi kuliko zote nane kutiki. Kwako wewe buku tatu kwa siku ni 90,000 kwa mwezi na 1,095,000 kwa mwaka.

Nije kwenye madeni, nikianza na simu kwa kuwa ni jepesi. Ulitanguliza 60,000, na 1,500 mara siku 365 ni 547,500. Jumla 607,500 kwa simu ya 350,000, umeongeza 257,500. Ni ghali, lakini usiirudishe. Kwa siku 210 umeshatoa 315,000 juu ya kile kitangulizi, na zimebaki siku 155, yaani 232,500. Ukiacha sasa simu itafungwa na vyote ulivyolipa vimepotea. Waulize kama kuna punguzo kwa anayemaliza mapema. Wakisema hakuna, endelea na 1,500 yako na usiwalipe mapema, maana hela hiyo ina kazi ya haraka zaidi.

Deni la kwenye laini ni dogo, lakini lina tabia mbaya: kila hela ikiingia kwenye laini hiyo, linajikata kwanza, kisha ukipungukiwa unalichukua tena na makato yanaanza upya. Wengi hukaa ndani ya duara hilo mwaka mzima wakidhani wanadaiwa 40,000 tu, kumbe wameshalipa ada mara kumi. Fungua jumbe za makato za miezi mitatu iliyopita, zijumlishe, uone mwenyewe. Kisha lilipe lote mara moja, na siku hiyohiyo piga huduma kwa wateja uulize namna ya kujitoa kwenye huduma. Mpaka utakapolimaliza, usiweke akiba kwenye laini hiyo, itamezwa.

Mkubwa wa madeni yako ni huyo mtu wa asilimia 30, kausha damu kweli kweli. Umeshampa 60,000 mara nne, yaani 240,000. Umeshalipa zaidi ya ulichokopa na bado unadaiwa 200,000 kamili, kwa sababu riba peke yake haipunguzi chochote. Ukiendelea hivi hutamaliza hata ukizeeka. Mwendee, mwambie kwamba kuanzia sasa utalipa riba pamoja na sehemu ya mtaji, na riba ya mwezi unaofuata ihesabiwe kwa kilichobaki. Wengine hukubali kwa sababu wanaona kijana anataka kulipa. Akikataa, akitaka 200,000 kwa mkupuo, basi sehemu ya mtaji iweke pembeni mpaka itimie, umpe siku moja. Itachukua mwezi zaidi. Vyovyote iwavyo, mlipane mbele ya shahidi, muandikishane kiasi kilicholipwa na kilichobaki, na kitambulisho kirudi siku unayomaliza. Ni vizuri zaidi mambo haya yafanyike ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akiwepo. Kitambulisho cha NIDA si kitu cha kuwekwa rehani.

Sasa mpango wenyewe. Utajilipa mshahara. Mshahara wako ni 10,000 kwa siku, siku zote 30, giza na mbalamwezi. Ndani ya 10,000 mna chakula, nauli, vocha na sabuni. Ni kidogo kuliko ulivyozoea siku za giza, ni zaidi ya ulicho nacho siku za mwezi mkubwa, na unapaswa kuujua ukweli huo mapema ili wiki ya kwanza isikukatishe tamaa. Siku ya giza ukipata 32,000, toa 10,000, na 22,000 iende kwa wakala kabla hujatoka geti la mwaloni. Namaanisha kabla ya geti. Ukifika kijiweni nayo, imekwisha. Kuweka kwa wakala hakukatwi, kutoa ndiko kunakatwa, na safari hii makato hayo yanakufaa kwa sababu yanakufanya ufikiri mara mbili. Siku ukipata 45,000, mshahara ni uleule 10,000. Ukishindwa hapo, mpango wote umekwisha, kwa kuwa siku hizo chache ndizo zinazobeba siku za ukame.

Kwa siku 18 utakuwa umeweka 396,000. Katika siku 12 zilizobaki unahitaji 120,000 za kuishi, unapata 48,000, kwa hiyo unachota 72,000. Zinabaki 324,000. Humo toa chumba 50,000, simu 45,000, mama 30,000, na 20,000 uiite mfuko wa watu: michango ya harusi, misiba, na rafiki aliyekwama. Kinachobaki ni 179,000, na hiyo ndiyo silaha yako.

Mwezi wa kwanza, 40,000 inafuta deni la laini. Zinabaki 139,000: riba 60,000, na 79,000 inapunguza mtaji, deni linakuwa 121,000. Mwezi wa pili riba ya 121,000 ni 36,300. Lipa yote pamoja, 157,300, umemaliza na 21,700 imebaki mkononi. Miezi miwili, bila kuongeza hata shilingi moja ya kipato. Ikitokea masika au ugonjwa ikawa miezi minne, bado ni afadhali kuliko hiyo minne iliyopita.

Mpango huu una sehemu zinazokatika, nikutajie ujiandae. Wa kwanza ni mkeka. Haumo kwenye 10,000, na ukiuingiza utakula chakula chako. Futa programu kwenye simu na uombe akaunti yako ifungwe, usiishie kujiahidi. Wa pili ni mfuko wa watu. Ule 20,000 ukiisha tarehe 12, umeisha. Kadi ya harusi ya 50,000 ikija, toa 10,000 na maneno mazuri, au jitolee kubeba viti na kupanga ukumbi. Kijiweni usibishane wala kueleza mipango yako. Sema tu, "Kaka, yangu inatoka Jumamosi," na Jumamosi ikifika uwe kweli na kitu kidogo cha kutoa. Watakuita bahili wiki tatu za kwanza. Baadaye baadhi yao watakufuata pembeni kukuuliza unafanyaje. Wa tatu ni wewe mwenyewe siku ya kwanza ya mwezi mkubwa, utakapoona laki tatu kwenye akaunti na kujihisi tajiri. Kumbuka hiyo ni kodi, ni mama, ni deni, na ni ugali wa siku 12.

Kuhusu mahali pa kuweka, kibubu cha chumbani sikipendekezi kwa mtu wa chumba cha kupanga: kinaibika, na kinavunjika usiku. Laini ya pili isiyo na deni inatosha kwa miezi miwili hii. Baadaye fungua akaunti benki. Namba yako ya NIDA na alama za vidole zinatosha sehemu nyingi, hata kama kadi yenyewe iko kwa mtu. Mchezo wa kupeana na wenzako wa mwaloni una lile tatizo nililolisema, mwezi mkubwa ukija watu hawachangi na kijumbe anazima simu. Kama mnaupenda, mchange siku za giza tu, na mwenye zamu apokee mwezi unapoanza kuwa mkubwa. Kikoba ni bora zaidi, lakini tafuta cha mtaani chenye watu wa kazi mchanganyiko. Kabla hujaingia uliza maswali haya: kimeandikishwa? Sanduku lina kufuli ngapi na funguo ziko kwa nani? Vikundi makini huwa na kufuli tatu kwa watu watatu tofauti. Mnagawana lini? Aliyeshindwa kulipa mwaka jana mlimfanyaje? Kwa jibu la swali hilo la mwisho utakijua kikundi.

Je, uache kazi? Kwa sasa hapana. Ukipata kibarua cha mshahara wa 300,000, utakuwa umekata kipato chako nusu ukiwa na madeni yaleyale. Mgongo wako hautabeba magunia mpaka miaka 45, hilo ni kweli, kwa hiyo kuondoka kuwe kwa hatua, na hatua bora ni ile inayotumia unachokijua. Miaka mitatu ya kushika dagaa imekufundisha kutofautisha waliokaushwa kwenye chanja na waliookotwa mchangani, wakavu kweli na waliotiwa unyevu ili wapate kilo. Ujuzi huo una bei. Madeni yakiisha na ukiwa na akiba ya mwezi mmoja wa kuishi, jaribu gunia moja: nunua katikati ya giza mzigo ukiwa mwingi, uza mwezi mkubwa mzigo ukiwa haba. Lihifadhi juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta, tenga siku za jua za kuwaanika dagaa upya, na usijaribu wakati wa masika. Andika bei ya kununua, ushuru, usafiri na upungufu wa kilo. Ukipata faida mara tatu mfululizo, nenda magunia mawili. Usinunue gunia hata moja kwa hela ya mkopo wa riba ya mwezi. Chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi, ulizia mafunzo ya uchakataji wa samaki. Na mkiwa kikundi, ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, chini ya Manispaa ya Ilemela, atawaeleza masharti ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana.

Mchumba wako mwoneshe namba hizi, zote, pamoja na deni. Najua ni jambo gumu kwa mwanaume aliyezoea kuonekana ana hela. Lakini anayekuuliza mahari lini anastahili kujua kwamba ukianza mwezi huu, mwezi wa tatu unaweza kuanza kuweka kati ya laki moja na laki moja na nusu ya mahari, na simu ikiisha 45,000 nyingine inaongezeka. Mahari kwa desturi zetu hulipwa kwa awamu, na mshenga mzuri huyajua mazungumzo hayo. Kuna uwezekano asikubali kusubiri. Ni afadhali ulijue sasa kuliko kukopa mahari kwa asilimia 30.

Yapo mambo ambayo ushauri wa kuandikiana hautoshi. Ukijikuta unakopa ili ubeti, unadanganya kuhusu ulichopoteza, au ukikaa siku mbili bila mkeka unakuwa na hasira na usingizi haupatikani, hapo tatizo limevuka bajeti. Nenda kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Bugando wanacho, ueleze hivyohivyo bila aibu. Vivyo hivyo kama pombe ndiyo inayokulaza. Mkopeshaji akikutisha, akikupiga, au akikataa kurudisha kitambulisho ukiwa umelipa na una maandishi, nenda serikali ya mtaa kisha polisi. Kama unataka kujua ana leseni au hana, Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza na huchapisha orodha ya wenye leseni. Novemba 2024 ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazoendeshwa bila kibali. Zikikushawishi, usizipe ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako, kwa sababu hao ndio watakaotumiwa ujumbe wa kukudhalilisha. Wakishatuma, malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Usisubiri tarehe mosi kuanza. Tarehe mosi inaweza kukukuta katikati ya mwezi mkubwa, huna kitu, na utaacha siku ya pili. Anza siku ya kwanza ya giza ambayo magunia yameanza kuingia tena Kirumba. Nunua daftari la jero, chora mistari minne: nilichopata, nilichojilipa, nilichoweka, nilichochota. Lijaze palepale kwa wakala ukiwa bado na vumbi la dagaa mikononi, kisha ndipo utoke getini.